Milioni 2.1 zinakuja, tuziweke wapi?

SWALI

Ndugu mshauri, habari za kazi.

Naandika kutoka Kihonda, Morogoro. Baba watoto ni mwalimu wa sekondari, mimi ni fundi cherehani, nina fremu ndogo barabarani. Mshahara wake wa msingi ni 940,000, na baada ya makato yote kinachoingia benki ni kama 545,000. Humo ndani tayari wamekata 199,000 za mkopo wa milioni 8 tuliochukua kwa miaka mitano ili tujenge. Imebaki miezi 38. Nyumba ilifika lenta, pesa ikaisha. Mimi nikichukua mwaka mzima napata wastani wa 250,000 kwa mwezi, ila kuna miezi ya 450,000, yaani sikukuu na Januari ya sare za shule, na kuna miezi ya 120,000.

Tumepanga kwa 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, Januari na Julai. Mtoto mdogo yuko shule ya kulipia, ada 900,000 kwa mwaka: 300,000 Januari, halafu 200,000 Aprili, Julai na Oktoba. Mkubwa amemaliza darasa la saba. Januari anaanza kidato cha kwanza, na tunakadiria 350,000 za sare, godoro, madaftari na michango.

Kodi ya Julai ilitukuta hatuna kitu, tukachukua 600,000 kwa mtu anayekopesha hapa mtaani. Riba ni 120,000 kila mwezi, na kadi ya ATM ya mume wangu anayo yeye pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa chake kwanza, kinachobaki anatuletea. Tumeshalipa miezi minne na ile 600,000 iko palepale.

Sasa Novemba zamu yangu ya mchezo inafika. Tuko 12 kwa 100,000, kwa hiyo napokea 1,200,000, na nitakuwa nimebakiza miezi mitatu ya kuchangia. Desemba tunavunja kikoba. Naweka 15,000 kwa wiki na natarajia kama 900,000. Jumla 2,100,000. Mume wangu anataka tununue hatifungani za serikali, yaani tuikopeshe serikali kwa riba, kwa sababu walimu wenzake wamenunua. Shemeji yangu, mdogo wake, ana kundi la WhatsApp la uwekezaji linalotoa asilimia 30 kwa mwezi, na nimeshatuma 50,000 ya kujiunga. Benki nao wamempigia mume wangu simu kwamba bado anakopesheka, aongeze mkopo amalizie nyumba. Fundi alitupigia hesabu ya milioni 3.6 ili tupaue, tuezeke na tuhamie vyumba viwili.

Tuziweke wapi zizae?

Mama Wawili, Kihonda

JIBU

Mama Wawili, pole na hongera kwa pamoja. Barua yako ina tarakimu, na ndiyo maana inajibika. Wengi huandika "kipato chetu ni cha kawaida, tufanyeje", na hapo mshauri hana la kushika.

Tuanze kwa kuzipa hizo milioni 2.1 tarehe zake. Novemba zinaingia 1,200,000. Deni la mtaani ni 600,000 na kodi ya Januari ni 600,000, pesa ya mchezo imeisha. Desemba zinaingia 900,000. Ada ya mdogo 300,000, kidato cha kwanza 350,000, zinabaki 250,000. Kwa hiyo pesa yenu ya kuweka mahali ni 250,000. Nyingine zote zina mwenyewe ndani ya wiki kumi zijazo, na mkizifunga kwenye hatifungani Novemba, Januari mtarudi kwa mkopeshaji yuleyule kutafuta kodi. Mlikwama Julai kwa sababu hiyo hiyo: kodi ilikuwa na tarehe inayojulikana tangu mwanzo wa mwaka, lakini hakukuwa na pesa iliyotengwa kuisubiri.

Deni la mtaani ndilo la kwanza, na sioni mjadala hapo. 120,000 kwa mwezi juu ya 600,000 ni asilimia 20 kwa mwezi, yaani 1,440,000 kwa mwaka kwa deni lisilopungua hata shilingi. Hakuna hatifungani, hisa wala kiwanja kitakachokulipa asilimia 240 kwa mwaka. Kulilipa deni hilo ndiko kuwekeza kuliko bora kabisa kunakopatikana kwenu mwezi wa Novemba.

Kabla hujapeleka pesa, jua sheria inasemaje. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayekopesha kwa biashara bila kupokea amana anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu, na kiwango cha juu cha riba kwa wakopeshaji wa daraja hilo ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye 600,000 hiyo ni 21,000. Kwa miezi minne ingekuwa 84,000, nanyi mmelipa 480,000, kwa hiyo 396,000 zilizozidi zingepaswa kupunguza deni na kuliacha kwenye 204,000. Sitegemei mtu wa kausha damu akubali hesabu hiyo ukimkuta kibarazani kwake, lakini nenda nayo imeandikwa kwenye karatasi. Muulize leseni yake iko wapi. Asiye na leseni anajua kukopesha kwake ni kosa, na mara nyingi hupendelea kumaliza kimyakimya kwa kusamehe sehemu. Akikupunguzia hata 100,000, umepata faida ambayo mchezo hauwezi kukupa. Akigoma kabisa, mlipe 600,000 zake uondoke, kwa kuwa kila mwezi wa kubishana unawagharimu 120,000. Malalamiko Benki Kuu au kwa afisa biashara wa manispaa yanaweza kufuata mkiwa tayari na kadi yenu mfukoni.

Namna ya kulipa ina umuhimu wake, na hapa ndipo watu hulipa deni mara mbili. Pesa ya mchezo isipite kabisa kwenye akaunti ya baba watoto, maana kadi na namba ya siri viko kwa mtu mwingine. Ipokee kwenye akaunti yako mwenyewe ya akiba. Isikae kwenye laini yenye deni la simu pia, kwa sababu ile mikopo ya kujazia salio hujikata yenyewe pesa ikiingia. Chagua siku ya kazi kabla ya mshahara kutoka. Nendeni wawili, na shahidi mmoja kutoka serikali ya mtaa, mjumbe au mwenyekiti. Lipa kwa kuhamisha, benki au simu, ili ubaki na muamala wenye jina lake. Noti mkononi hazina kumbukumbu. Kabla ya kubonyeza, aweke mezani kadi, mkataba halisi na karatasi yoyote mliyosaini ikiwa tupu, maana wengine huwa nayo. Kisha aandike mistari miwili: amepokea kiasi gani, tarehe ngapi, na kwamba hamdaiani tena, asaini naye shahidi asaini. Kutoka hapo mume wako aende moja kwa moja tawini akafunge kadi hiyo na kuomba mpya. Kubadili namba ya siri peke yake si vibaya, ila kadi iliyokaa miezi minne kwa mtu mwingine ni ya kufungwa. Masharti ya benki yanamkataza mteja kutoa namba ya siri, kwa hiyo pesa ikipungua kwenye akaunti leo benki haitawarudishia.

Msihamishie deni hili kwenye programu ya simu kwa kuwa ni rahisi kuipata. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Nyingi kati ya za aina hiyo husoma majina yaliyomo kwenye simu yako na kumpigia hadi mwalimu mkuu siku ukichelewa.

Sasa tugeukie fremu yako, kwa sababu nashuku tobo kubwa liko huko kuliko jikoni. Wastani wa 250,000 unaoruka kati ya 120,000 na 450,000 unamaanisha nyumba inaishi kwa kiwango cha mwezi mzuri na kukopa mwezi mbaya. Angalia gauni la 25,000. Mteja anatanguliza 15,000. Humo kuna kitambaa cha 9,000, na bitana, zipu na uzi kama 2,500. Iliyo yako siku hiyo ni 3,500, na hata hiyo hujaifanyia kazi bado. Mafundi wengi siku hiyo jioni hupitia sokoni na 15,000 nzima, keshokutwa kitambaa kinanunuliwa kwa advansi ya mteja wa pili, na gauni la kwanza linachelewa. Kwa vitabu unadhani unauza vizuri, kumbe unakopa kwa wateja.

Dawa yake ni hii. Chukua laini ya pili au lipa namba, na kila pesa ya mteja iingie huko tu. Vitambaa, uzi, umeme wa fremu na mafuta ya cherehani vitoke huko huko. Nyumbani ujilipe 50,000 kila Jumamosi, mwezi mzuri na mwezi mbaya. Kwa mwaka hiyo ni 2,600,000, wakati faida yako kwa hesabu uliyonipa ni milioni 3. Zile 400,000 zinazobaki ndizo za kutengeneza mashine, kununua vitambaa vya sare kwa jora Novemba kabla bei haijapanda, na kujaza wiki ambazo hazina wateja. Desemba na Januari utaona salio limenona na utatamani ujiongeze. Usijiongeze; salio hilo ndilo litakalokulipa Februari na Machi.

Baada ya deni kulipwa, 120,000 zinarudi nyumbani kila mwezi. Za Desemba ziacheni za sikukuu, mna haki nazo. Kuanzia Januari zitoke siku ile ile ya mshahara kwenda akaunti ya mambo yenye tarehe. Mchezo ukiisha Februari, 100,000 zake ziungane nazo kuanzia Machi, ziwe 220,000. Kumbuka mchezo ukishapokea unageuka deni lisilo na riba. Ile michango mitatu iliyobaki ni lazima, usiihesabu kama akiba.

Fuata pesa hiyo mwezi kwa mwezi. Januari na Februari zinaingia 240,000, Machi 220,000, kwa hiyo ada ya Aprili ya 200,000 inapita bila kelele. Hadi mwisho wa Juni zimeingia 1,120,000 kwa jumla, na ukitoa ada ya Aprili unabaki na 920,000. Julai zinatoka kodi 600,000 na ada 200,000, zinabaki 120,000. Julai hiyo hamtakopa. Kuanzia Julai hadi Desemba zinaingia 1,320,000 nyingine, ada ya Oktoba inatoka, na Desemba kikoba kinavunjwa kwa 900,000 kama mwaka huu. Mnakuwa na 2,140,000. Lipeni kodi ya Januari, ada ya 300,000 na tuseme 100,000 za kidato cha pili, zinabaki 1,140,000. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza maishani mwenu isiyodaiwa na mtu. Nimechukulia chakula, LUKU, maji na nauli vinaendelea kula kile kile vinachokula leo, kama 510,000 kwa mwezi. Sikuwaambia mle ugali mtupu.

Ukitaka kurudi kwenye mchezo Machi, rudi, lakini omba zamu inayoangukia Juni au Desemba, kabla ya kodi. Watu hugombania zamu ya kwanza. Kwa mtu mwenye kodi ya mkupuo, zamu inayokaribia tarehe ya kodi ndiyo yenye thamani, kwa sababu pesa haipati muda wa kukaa ndani ya nyumba na kuliwa. Kikoba endelea nacho, ila muulize mweka hazina kabla ya Novemba ni mikopo mingapi haijarudi. Vikoba havivunjiki vizuri pale ambapo hisa ziko kwenye daftari na pesa ziko kwa wanachama waliokopa. Ile 900,000 ichukulie kuwa 750,000 mpaka uishike.

Zile 250,000 za akiba ya dharura na hii akaunti ya mambo yenye tarehe zikae wapi? Kibubu hapana, na simu hapana. Akaunti ya akiba ya benki ni salama. Benki ikifilisika, Bodi ya Bima ya Amana humlipa mteja hadi 7,500,000. Kasoro yake ni riba ndogo na urahisi wa kutoa. Kwa hali yenu napendelea Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya umma inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Unanunua vipande, yaani sehemu za mfuko huo, kwa kuanzia 100,000, unaongeza kwa 10,000 na kuendelea hata kwa simu, na ukitaka pesa unauza vipande na kusubiri siku kama tatu za kazi. Siku hizo tatu ni faida kwenu: zinatosha kuzima hamu ya kununua kochi, na hazizuii ada. Kodi ikitakiwa tarehe 5, peleka ombi la kuuza wiki moja kabla, na hesabu sikukuu za mwisho wa mwaka, maana hizo si siku za kazi. Faida ya mfuko haina ahadi ya kiwango maalumu, hupanda na kushuka na riba za soko. Kuanza na 250,000 kunatosha kwenu kwa sababu mtumishi wa umma, mwenza wake na watoto wana bima ya afya. Familia isiyo na bima ningeiambia isianze chochote kabla ya kufikisha gharama za miezi mitatu.

Mumeo ananiuliza hatifungani, na hajakosea, amewahi tu. Ya serikali inaanzia 1,000,000. Mnafungua akaunti ya dhamana kupitia benki au dalali wa soko la hisa, mnaingia kwenye mnada wa Benki Kuu, na kuponi, yaani riba yake, hulipwa kila baada ya miezi sita. Kwa kuponi ya asilimia 12, kwa mfano, milioni 1 inaleta 60,000 kila nusu mwaka. Za zaidi ya miaka miwili hazikatwi kodi ya zuio kwenye kuponi, na hilo ni jambo zuri kweli. Walimu wenzake wasichomwambia ni kwamba akitaka mtaji kabla ya muda, anauza sokoni kwa bei ya siku hiyo. Riba mpya zikiwa zimepanda, hatifungani yake ya zamani inanunuliwa chini ya alichotoa. Hatifungani ya miaka 20 si mahali pa pesa ya kodi ya Julai. Zaidi ya hapo, benki inawatoza kama asilimia 17 kwa mwaka. Hesabu ya milioni 8, miezi 60 na makato ya 199,000 inatoa kiwango hicho. Ukikopa kwa 17 na kuikopesha serikali kwa 12, unapoteza tofauti.

Na hapa nafika kwenye nyumba. Milioni 3.6 zinawahamisha kutoka kwenye kodi ya 1,200,000 kwa mwaka. Hiyo ni asilimia 33, kila mwaka, na kodi ikipandishwa inazidi. Siku hizi kila mtu anaambiwa vipande na hatifungani, huku tofali zake zikiota majani kwa kukosa bati. Kwa familia yenye kuta zilizofika lenta kwenye kiwanja chake, bati ndilo uwekezaji unaofuata baada ya madeni ya mtaani. Swali ni pesa itoke wapi.

Isitoke kwenye ile simu ya benki. Ni kweli mumeo anakopesheka: theluthi ya mshahara wake ambayo lazima abaki nayo ni kama 313,000, naye anapokea 545,000, hivyo afisa mikopo anaona nafasi. Lakini angalia mkopo wa kuongeza unavyofanya kazi. Salio lenu leo ni takriban milioni 5.8. Ili mpate 3.6 mkononi, benki inafungua mkopo mpya wa kama 9.5 pamoja na ada na bima, inajilipa 5.8, na kuwapa kinachobaki. Ikiwapa miezi 72 kwa riba ile ile, makato yanakuwa kama 211,000, na hapo utasikia "ni 12,000 tu zaidi". Sasa zidisha. Mkopo wa sasa umebakiza miezi 38 ya 199,000, kama milioni 7.6. Mpya ni miezi 72 ya 211,000, kama milioni 15.2. Milioni 3.6 zimewagharimu 7.6. Ukimuuliza afisa mikopo, usiulize "makato yatakuwa ngapi". Uliza jumla ya nitakacholipa ni ngapi na nitamaliza mwezi gani, akuandikie.

Njia yangu ni SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya watumishi au walimu. Ajiunge Machi, alipe kiingilio na hisa, aweke akiba ndogo kila mwezi ili jina liwe hai. Aulize mambo matatu: akiba ikae muda gani kabla ya kukopa, wanakopesha mara ngapi ya akiba (nyingi ni mara mbili hadi tatu), na riba inapigwa kwa salio linalopungua au kwa mkopo mzima. La tatu ndilo linaloficha pesa. Milioni 3.6 kwa miezi 36 kwa asilimia 15 ya salio linalopungua ni marejesho ya kama 125,000 kwa mwezi. Asilimia 15 hiyo hiyo ikipigwa kwenye mkopo mzima kila mwaka inakuwa 145,000. Zile 1,140,000 za Januari ya mwaka wa pili zikiwekwa kama akiba, mara tatu yake ni 3,420,000, na pengo la 180,000 mnalijaza kwa miezi miwili. Mkianza ujenzi baada ya hapo, kodi ya Januari imeshawapa hadi Juni, na Julai hamlipi kodi. Kwa jumla mtarudisha kama milioni 4.5, na zile 100,000 za kodi zitabeba sehemu kubwa ya marejesho.

Hesabu ya fundi ipeleke kwa fundi wa pili. Mara nyingi haina usafiri, misumari na kofia, shimo la choo, wala kuunganisha umeme na maji. Nunua bati na mbao mwenyewe, geji isomwe kwenye bati na si kwenye maneno ya muuzaji, na fundi mlipe ufundi kwa hatua: kenchi zikisimama, bati zikipigwa, milango ikifungwa. Saruji usiiweke akiba. Ikipita miezi mitatu stoo inapungua nguvu, na ikipata unyevu inaganda ndani ya mfuko. Bati linaweza kusubiri, ila lisimamishwe pakavu, maana yakilazwa yamegandana na maji katikati huota kutu nyeupe.

Mkishahamia na marejesho ya SACCOS yakienda, ndipo hatifungani ya mumeo iwe na nafasi yake, labda kwa ajili ya ada ya mdogo akifika sekondari.

Kuhusu kundi la shemeji. Tuseme umeweka 500,000: kwa asilimia 30 kwa mwezi, faida ikirudishwa ndani, inakuwa zaidi ya milioni 11 kwa mwaka. Mwenye biashara ya namna hiyo angeenda benki akakope kwa 17 kwa mwaka, asingehangaika na 50,000 ya fundi cherehani wa Kihonda. Wanaolipwa mwanzoni hulipwa kwa pesa za wanaoingia nyuma yao, ndivyo mchezo wa upatu wa DECI ulivyokuwa hadi uliposimamishwa mwaka 2009, watu "wakipanda mbegu" na wengi wasivune. Kampuni inayokusanya pesa za umma kwa uwekezaji lazima iwe na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, wanachokionesha kwenye kundi kinathibitisha jina limesajiliwa, basi.

Shemeji usigombane naye, huenda naye ameshaweka zaidi yako. Mwambie pesa zote zina kodi na ada, jambo ambalo ni kweli. Ile 50,000 ihesabu imekwenda. Wakikuandikia kwamba faida yako imefika 200,000 lakini ulipie kwanza 30,000 za kuitoa, au kodi, au "kufungua akaunti", usitume. Piga picha ya skrini zote na namba zilizopokea pesa, halafu toka kwenye kundi. Kama ulijisajili kwa namba ya kitambulisho cha NIDA au kwa nywila unayoitumia kwenye laini ya pesa, badilisha namba ya siri ya laini hiyo leo.